Msajili na Wafukuza Mbu

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, tundu la kitasa likiwa bado katikati, na mgeni asiyelijua alilijua alipoinuka na suruali ikabaki imenaswa. Lilikaa mbele ya kibanda cha kinyozi, likitazamana uso kwa uso na lango la kituo cha kujifunza, kilichofunguliwa na shirika la watu wa kujitolea ndani ya jengo lililowahi kuwa karakana ya vitanda. Hakukuwa na ada, na hakukuwa na mtu aliyekatazwa. Ila kila aliyetaka kuingia ilibidi apite mbele ya benchi, na benchi lilikuwa na macho, na macho yale yalikuwa na midomo. Hapo ndipo fundi viatu alipojipatia cheo chake. Walimwita Msajili, kwa sababu mtu hapiti lango lile mara mbili kabla hajamwandikia jina, na jina likishatoka kinywani mwa Msajili halibanduki hata kwa maji ya moto.

Asubuhi waliingia kina mama waliosoma huku wakinyonyesha. Hao walikuwa Kikosi cha Nepi. Saa sita mchana wakaja walinzi waliotoka lindo la usiku, macho mekundu kama pilipili, na hao aliwaita Timu ya Miayo. Saa nane ilikuwa zamu ya wageni waliohama kutoka mbali, waliojifunza lugha ya wenyeji kwa kuimba sentensi pamoja, na kwa kuwa sentensi ya kwanza iliyosikika dirishani ilikuwa "naomba maji," basi Naomba Maji ndilo likawa jina lao. Wazee waliofundishwa simu Jumatano walikuwa Bonyeza Hapa. Na Alhamisi saa kumi walikuja viziwi na jamaa zao kujifunza lugha ya ishara. Miaka mitatu iliyopita Msajili aliwatazama mara moja tu wakizungumza langoni, akatema uzi uliokuwa mdomoni, akasema, "Hawa wanafukuza mbu." Benchi zima lilicheka siku nzima, na kwa kweli lilikuwa halijamaliza kucheka mpaka leo.

Jambo ambalo benchi halikulijua ni kwamba binti yake Msajili, mwenye miaka minane, alikuwa Mfukuza Mbu mwaka wa pili sasa. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa na miaka mitatu, ikamwachia roho ikachukua masikio. Benchini Msajili alisema ana binti mmoja, mpole, mkimya mno. Na mkewe alipompeleka mtoto kituoni kwa mara ya kwanza, Msajili alimwomba kitu kimoja: wapite uchochoro wa kinu cha nafaka, waingie kwa mlango wa nyuma. Mkewe alimtazama kitambo, akasema, "Sawa, baba watoto," basi. Bora angemtukana.

Sasa mke huyo, mfagiaji wa hospitali, alikuwa amehamishiwa zamu ya Alhamisi. Asubuhi hiyo alimwambia mumewe wakati anafunga kilemba.

— Pale kituoni kila mtoto ana mtu wa nyumbani anayejifunza naye. Asiye na mtu, nafasi anapewa mwingine, na wanaongoja ni kumi na mmoja. Leo kabla ya saa kumi uandikwe wewe. Jirani atampeleka mtoto. Wewe vuka barabara tu.

Vuka barabara tu! Msajili aliipima barabara ile kwa jicho tangu asubuhi. Hatua kumi na nane. Sasa ilikuwa saa tisa na robo, kiatu cha mtu kimebanwa kati ya magoti yake, na kushoto kwake wenzake walikuwa wameshaanza.

— Hakuna cha bure duniani, alisema kinyozi, ambaye kwa kuwa hakuwa na unywele hata mmoja aliitwa Upara. Mimi siku ile nilimnyoa mtu wa ndani mle kituoni, akasahau fomu yao kitini. Nikaisoma yote. Wanakuuliza umri, lugha mnayosema nyumbani, saa unayopata nafasi. Halafu chini kabisa: "Ni kitu gani kinachokuzuia kuja?" Sasa nyie niambieni, mtu mwema anauliza hivyo?

— Hauliyi mwema, alisema Mita.

— Nini?

— Nasema haulizi, mtu mwema. Meno yangu haya.

Mita alikuwa msomaji mita za umeme mstaafu, na ndiye mwenye methali za benchi. Alikuwa nazo nyingi, tatizo lilikuwa mahali pa kuziweka.

— Mtu akijua kinachokuzuia, Upara akaendelea, ameujua udhaifu wako. Wanakusanya udhaifu wa mtaa mzima. Wakimaliza, tumekwisha.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Mita.

— Hiyo inaingiaje?

— Itaingia tu, subiri. Mimi nawaambia habari ya umeme. Nimesoma mita miaka thelathini na moja, mita hainidanganyi. Juzi nilipita kando ya ukuta wao nikachungulia. Siku nyingine zote gurudumu linazunguka polepole. Alhamisi, bwana we, linakimbia kama limeona mbwa! Sasa viziwi hao hawana redio, hawana spika. Umeme unakwenda wapi?

— Kuna mtambo, akasema Upara.

— Kuna mtambo!

Birika akacheka. Huyu ndiye aliyeuza kahawa, mwanamume mrefu mwenye birika la shaba ambalo halikutoka mkononi mwake, na mpaka mtu amalize kikombe alikuwa ameshajua habari zake na za shemeji zake.

— Msajili, mbona leo umenyamaza? akauliza. Alhamisi ndiyo siku yako. Mbu wako wanakuja hao.

— Nashona, alisema Msajili.

— Huwa unashona na kusema.

Msajili akajilazimisha kucheka. Alikuwa na kicheko kimoja kwa ajili ya benchi, kikubwa, cha kupigia paja, na akakitoa hicho. Halafu kwa kuwa walikuwa wanamngoja, na kwa kuwa mtu aliyezoea kuchekesha huona kimya kama deni, akasema:

— Leo wanajifunza kufukuza na nzi.

Wakaanguka kwa kicheko. Mita alimwagikiwa na kahawa mapajani. Msajili alicheka kuliko wote.

Wakati huo kijana mmoja mwenye koti la kahawia alikuwa amesimama langoni, anazungumza kwa mikono na mzee anayefagia kituo, ambaye kila mtu alijua ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mikono yao ilikwenda haraka, mara juu mara kifuani, na yule mzee akacheka bila sauti mpaka akaushikilia ufagio. Kisha kijana akavuka, akaketi ncha ya benchi mbali na tundu la kitasa, akainua kidole kimoja. Birika akamjazia kikombe.

— Huyu naye wao, akasema Upara, wala hakupunguza sauti. Sura mpya.

— Mpe jina, Msajili, akasema Birika.

— Mbu Mkubwa, alisema Msajili.

Kijana akapuliza kahawa yake. Na kwa kuwa walidhani hasikii, wakaongea mbele yake kama watu wanavyoongea mbele ya mbuzi.

— Masikini, kijana mzuri hivi, akasema Birika. Ila tusemeane ukweli. Hao wanafundishwa ujasusi. Fikirini. Simu za siku hizi zinanasa kila neno. Nani hanaswi? Anayesema kwa mikono!

— Wacha wewe, akasema Upara. Ujasusi gani na watoto? Mimi nasema wanapelekwa chini ya maji.

— Chini ya maji?

— Wazamiaji! Chini ya maji nani anatumia mdomo? Nani? Kule ni mikono tu. Sasa unganisheni wenyewe. Kikosi cha Nepi: mtoto mchanga anajua kuogelea kabla hajajua kutembea, nimesikia redioni. Timu ya Miayo: wamezoea kukaa macho gizani, na kule chini ni giza. Naomba Maji...

— Wameshayaomba! Mita akapiga kelele, akasimama. Wameshayaomba wenyewe, kila siku, dirishani!

— Na Bonyeza Hapa?

Hapo Upara alikwama kidogo.

— Hao wanabonyeza, alisema hatimaye. Kitu cha kuwarudisha juu.

Msajili aliiangalia saa iliyotundikwa ndani ya kibanda cha kinyozi. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Akajiambia atainuka Mita atakapokaa. Mita akakaa. Akajiambia atainuka akimaliza kisigino. Alikuwa amekimaliza kisigino tangu saa nane, sasa alikuwa anashonea uzi juu ya uzi.

— Ila mimi nawaonea huruma, akasema Mita, akijifuta kahawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na hawa hawasikii la mtu yeyote, mkuu wala mdogo! Nashangaa wanavyotembea na miguu mizima.

Kicheko kikapanda tena. Yule kijana akaweka kikombe chini.

— Samahani wazee wangu, alisema. Kahawa imebaki?

Birika akainua birika lake, akalishusha, akaliinua tena. Upara alitazama viatu vyake kama ndiyo kwanza avinunue.

— Unasikia? akauliza Mita kwa sauti ndogo.

— Nasikia vizuri tu, mzee. Mimi ni mkalimani, nimehamishiwa hapo ng'ambo Jumatatu. Mama yangu ndiye kiziwi.

Basi kama kuna siku benchi lile lilitamani kuwa mlango tena lifunguke liwapitishe chini, ni siku ile. Birika alimmiminia kikombe kikajaa mpaka kikafurika, akasema hiki ni cha zawadi, akakosa mahali pa kutazama. Kijana akashukuru. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililowaumiza zaidi, maana mtu akikasirika unaweza kumjibu.

— Kuhusu umeme, akamwambia Mita, ni taa. Tunawasha zote hata mchana. Wasipoonana mikono hawawezi kuzungumza. Ukimzimia kiziwi taa umemziba mdomo.

Mita aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Lakini neno lile lilikwenda kukaa kwa Msajili. Nyumbani kwake yeye ndiye mwenye kuzima taa. Mara ngapi mama na mtoto wamekaa kitandani mikono yao ikicheza, na yeye amenyoosha mkono ukutani akasema imetosha, tulale?

— Na ile fomu? akauliza Upara, kwa kuwa ni wa aina ya watu wasioweza kuacha kidonda kipone. Kinachotuzuia, mnakitakia nini?

Kijana akazungusha kikombe mkononi.

— Tunataka kukiondoa. Mwenye kichanga tumemwekea mkeka. Mlinzi tumempangia saa yake. Anayeogopa kalamu anaanza na mdomo. Kila kundi na lake, hawafanani hata kidogo. Akanywa kidogo. Lakini mwaka huu fomu nyingi zimeandikwa kitu kimoja, na hicho hatujajua tukifanyeje.

— Kitu gani?

— Benchi.

Pikipiki ikapita. Kote walikotazama kulikuwa na kitu kile kile walichokikalia.

— Sikuja kwa hilo, kijana akasema haraka, kama mtu aliyemkanyaga mwenyeji wake mguu. Nimetumwa na mwalimu. Namtafuta baba wa mtoto mmoja. Jina la kuandika limo kwenye daftari, sikulishika. Ninalo lake la ishara tu.

— Wana majina? akauliza Birika.

— Kila mmoja. Hujipi mwenyewe, unapewa na wanaokujua. Huyu ni hivi.

Akashika msumari usiokuwepo kwa vidole viwili vya kushoto, na kwa ngumi ya kulia akaugonga mara mbili.

— Nyundo! akasema Upara, amefurahi kupata mahali pa kukimbilia. Huyo mtoto wa seremala wa kule kona!

— Seremala ana wavulana watupu, Birika akamkatiza. Labda wa mjenzi.

Mikono ya Msajili ilikuwa imekufa juu ya kiatu. Ishara ile aliijua. Binti yake alimfanyia kila jioni mlangoni, anagonga mara mbili, anajigusa kifua, anagonga tena, huku akimtazama usoni kama mtu anayengoja chenji. Yeye alidhani anamkejeli. Alidhani mtoto anamwambia fundi viatu, fundi viatu, kama watoto wa shule wanavyomzomea njiani. Mwezi uliopita, mbele ya wageni, alimpiga mkono ule. Mtoto akaurudisha mgongoni, na tangu siku hiyo hakugonga tena. Kumbe alikuwa anajitambulisha kwa baba yake.

— Wenzake walimpa hilo, kijana akaeleza, kwa sababu siku ya kwanza walipomuuliza wewe ni wa nani, aliwaonyesha kazi ya baba yake. Dakika nzima, anashona, anagonga, anakata ngozi. Anajivunia mno.

— Ngozi? akasema Mita.

— Leo watoto wameanza mapema, wana zoezi la familia. Amemtaja mama yake, bibi yake, mjomba, na kuku wao mmoja asiye na mkia. Wote amewapa majina. Alipofika kwa baba, mwalimu akamuuliza, na baba unamwitaje? Hakuwa na jina lake. Akaonyesha dirisha, upande huu wa benchi. Ndiyo nikatumwa. Saa kumi daftari linafungwa.

Mita akamgeukia Msajili polepole. Upara naye. Wote walikuwa wameshalifikia jibu, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kubisha hodi. Kijana naye, kama alijua, hakuonyesha, akauliza tu kama mtu anavyouliza njia.

— Hebu nisaidieni, wazee wangu, labda nikimweleza ataelewa. Nyie watoto wenu huwaitaje?

— Baba, akasema Upara. Wakitaka kitu, baba mzuri.

— Mimi wajukuu wananiita Babu Taa, alisema Mita, na sauti yake haikuwa na methali.

— Wangu ananiita kwa jina langu kamili, kama polisi, akasema Birika. Simlaumu. Sikuwepo.

— Na wewe, fundi? Wa kwako anakuitaje?

Msajili akafungua mdomo. Mtu aliyeupa mtaa mzima majina, aliyewaita watu mia wakaitika, alitafuta hilo moja. Mtoto wake akimtaka humvuta mkono wa shati. Akiwa mbali hupiga sakafu kwa kisigino mpaka mtetemo umfikie. Wakati mwingine hukaa tu akamsubiri ageuke. Miaka mitano wameishi hivyo ndani ya vyumba viwili, na yeye akaona ndivyo ilivyo.

— Msajili, akasema Birika kwa upole, jibu basi.

— Hana cha kuniita, alisema Msajili. Sijampa.

Akaweka kiatu chini. Alikuwa na aibu ambayo hakuwahi kuijua, aibu isiyoangalia watu wanasema nini, inayoangalia ndani tu.

— Ni wangu huyo, alisema. Binti yangu. Nimemficha kwenu mwaka wa pili huu.

— Mbona ulisema ni mkimya? Upara akauliza, na hapo hapo akatamani kuyarudisha maneno yake.

— Na lile jina nimelitoa mimi, Msajili akamwambia kijana. La mbu. Usiwabebeshe hawa. Ni mimi.

Kijana aliangalia saa, akasema zimebaki dakika tatu.

Msajili akainuka na aproni yake ya ngozi, hakukumbuka kuivua. Akavuka barabara. Zile hatua kumi na nane alizitembea zote, na katika lango lile ambalo hapiti mtu bila kusindikizwa na neno, nyuma yake hapakutoka hata kikohozi. Mara ya kwanza katika maisha yake alijua mgongo wa mtu unavyohisi ukitazamwa na benchi.

Ndani taa zote zilikuwa zinawaka. Mwalimu alimpa kalamu, akaandika jina lake kwenye mstari uliokuwa wazi. Watoto tisa walikuwa na watu wao. Binti yake alikuwa mezani peke yake, kiti cha pili kikiwa kitupu, na alipomwona baba yake amesimama mlangoni na aproni yake, mlango wa mbele, mbele za watu, hakutabasamu. Alishtuka.

Msajili aliinua mikono yake. Alishika msumari usiokuwepo, akagonga mara mbili, vibaya, ngumi ikakosa vidole.

Mtoto aliitazama ile mikono. Kisha akainuka mbio, akaenda dirishani, akalivuta pazia la upande wa benchi mpaka mwisho, akalikagua kama limeziba vizuri ili wenzake baba wasimwone. Ndipo akarudi akamvutia kiti.